Namba ya tarakimu 20 inayopungua kete moja

Kete 64 za bao hazifiki mbali zikipangwa kwa maradufu. Shimo la kwanza linapata moja, la pili mbili, la tatu nne, kisha nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Mashimo sita yamejaa, na mkononi imebaki kete moja tu. Shimo la saba linadai 64, yaani kete zote za mchezo mzima.

Bao lenyewe ni lile la Kiswahili linalochezwa barazani kutoka pwani hadi bara, kata ya Kidodi mkoani Morogoro ikiwemo: safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete ambazo mara nyingi ni komwe. Mchezaji anayenamua hana haja ya hesabu hii. Lakini kete moja iliyobaki haikubaki kwa bahati.

Kila shimo linapobeba maradufu ya lililotangulia, jumla ya yote yaliyopita hupungua moja tu kufikia shimo linalofuata. Moja na mbili ni tatu, na shimo la tatu lina nne. Ukiongeza hiyo nne zinakuwa saba, na shimo la nne lina nane. Ndivyo inavyokwenda hata mashimo yawe mia.

Yakiunganishwa mabao mawili, mashimo yanakuwa 64. Jumla ya kete zitakazohitajika ni 18,446,744,073,709,551,615.

Namba hiyo ina tarakimu 20. Namba ya kitambulisho cha Taifa, ile inayotolewa Tanzania na NIDA, nayo ina tarakimu 20, na hapo ndipo hesabu ya barazani inapoingia kwenye kompyuta ya stesheneri.

> Mashimo 64, kete 18,446,744,073,709,551,615: moja pungufu ya mbili 64 zilizozidishwa pamoja.

Safu kwa safu

Bao lina mashimo manane kwa safu, na kompyuta nayo hupanga kumbukumbu zake kwa vikundi vya nane. Kila nafasi, inayoitwa biti, ni kama shimo lenye hali mbili: tupu au limejaa. Biti nane ni baiti moja. Kwa hiyo safu moja ya bao ni baiti moja, na bao zima ni baiti nne.

Safu ya kwanza ikijaa kwa maradufu, jumla ni 255. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye baiti moja.

Safu mbili ni 65,535. Waliotumia Excel kuanzia toleo la 97 hadi la 2003 waliishi na mpaka huo kila siku: jedwali lilikuwa na mistari 65,536, basi. Moja imeongezeka kwa sababu mashimo yote yakiwa matupu, hiyo nayo ni hali mojawapo, na kompyuta huihesabu.

Safu tatu ni 16,777,215. Kioo cha kawaida cha simu kina rangi 16,777,216, nyeusi ikiwa ndiyo bao tupu.

Safu zote nne ni 4,294,967,295. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani zilijengwa juu ya biti 32, na ndiyo maana haziwezi kuzidi bilioni 4.3, ilhali watu duniani walivuka bilioni 8 mwaka 2022. Upungufu wa anwani ulikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Bao la pili linapoungwa, mashimo ya 33 hadi 64 yanaipandisha namba hadi pale ilipotajwa. Kompyuta na simu nyingi za leo hufanya kazi kwa biti 64, na kwazo hiyo ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayokaa kwenye nafasi moja. Ikiandikwa kwa lugha ya kompyuta ni moja 64 mfululizo, bila sifuri hata moja.

Ukiongeza moja juu yake, mashimo yote yanamwagika na kaunta inarudi sifuri. Matumizi mengi pia hutenga biti moja kwa ajili ya alama ya kutoa, kwa hiyo kikomo chao ni nusu: 9,223,372,036,854,775,807. YouTube ilihamia kikomo hicho mwaka 2014, baada ya wimbo wa Gangnam Style kuukaribia mpaka wa awali wa kaunta ya watazamaji, 2,147,483,647.

Mpaka huo huo wa bilioni 2.1 unaisubiri mitambo ya zamani inayohesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa kutumia biti 32. Utafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Sukari ya shimo la mwisho

Kidodi ni kata ya Wilaya ya Kilosa, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara. Ni ukanda wa miwa, na viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero viko jirani, pande mbili za Mto Ruaha Mkuu. Basi kipimo kinachofaa hapa ni sukari, ingawa hekaya za kale zilitumia ngano.

Tuseme chembe moja ya sukari ina uzito wa nusu miligramu. Kilo moja inakuwa na chembe milioni 2. Chembe 18,446,744,073,709,551,615 zinakuwa na uzito wa tani bilioni 9.2 hivi.

Kiwanda kinachotoa tani laki moja kwa mwaka kingehitaji miaka elfu 92 kuzimaliza. Kwa malori ya tani 30, ni safari zaidi ya milioni 300 za kuteremka na kupanda barabara ya Mikumi, na hakuna mizani itakayozimaliza.

La ajabu zaidi ni mgawanyo wake. Shimo la 64 peke yake lina chembe 9,223,372,036,854,775,808, zaidi ya nusu ya jumla yote, kwa chembe moja juu ya mashimo 63 yaliyotangulia kwa pamoja. Ukiondoa shimo hilo moja, kazi imepungua kwa nusu. Safu nzima ya kwanza, yenye chembe 255, haijazi hata ncha ya kijiko.

Bukavu na Morogoro hazisomi sawa

Kuiandika ni rahisi kuliko kuitamka. Sokoni, hesabu hutembea kwa elfu na laki, na milioni huja wakati wa kuuza shamba au pikipiki. Bilioni na trilioni husikika wakati wa bajeti. Baada ya hapo msomaji anabaki na maneno ya kukopa.

Kwa mpangilio unaotumika Tanzania na Kenya, namba husomwa hivi: kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551 na 615. Anayependa laki atamalizia kwa laki tano, elfu hamsini na moja, mia sita na kumi na tano.

Msomaji wa Kiswahili aliyesoma kwa Kifaransa mashariki ya Kongo, tuseme Bukavu, atapinga. Kwake milioni elfu moja ni miliari, na bilioni ni milioni ya milioni. Neno trilioni, ambalo Morogoro lina sifuri 12, kwake lina sifuri 18. Namba hii kwake inaanza na trilioni 18.

Wote wawili wako sahihi. Waingereza wenyewe walikuwa na bilioni ya sifuri 12 hadi serikali yao ilipohamia bilioni ya sifuri tisa mwaka 1974, na Afrika Mashariki ikaifuata hiyo mpya. Tarakimu ni zile zile. Jina ndilo linalogombaniwa.

Saba ndani ya moja

Namba kubwa nyingi hazina la kusimulia. Chagua yoyote ya tarakimu 20 kwa kubahatisha, na vigawo vyake vitakuwa mchanganyiko usio na mpango. Hii haiko hivyo.

Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Tarakimu zake zikijumlishwa zinafika 87, ambayo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, kwa hiyo namba yenyewe nayo inagawanyika kwa 3 na si kwa 9. Hayo mwanafunzi wa shule ya msingi anayajua.

Kinachofuata ndicho kitamu. Gawa 64 nusu kwa nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kila hatua inatoa kigawo kimoja, nacho hupatikana kwa kuzidisha mbili mara hizo kisha kuongeza moja: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Sita hizo zikizidishwa pamoja zinaleta namba yetu kamili, bila baki.

Tena zinazaana. Zidisha zilizotangulia, ongeza mbili, unapata inayofuata: 3 mara 5 ni 15, na mbili ni 17. Hiyo 15 mara 17 ni 255, na mbili ni 257. Hiyo 255 mara 257 ni 65,535, na mbili ni 65,537. Namba 255 na 65,535 msomaji ameshakutana nazo kwenye safu za bao.

Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba namba za ukoo huu zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Tano za kwanza ni tasa kweli. Ya sita, 4,294,967,297, ilimwangusha: mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417.

Hesabu hiyo inafanyika kwa kalamu. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara moja ni yenyewe. Jumlisha tatu hizo, na jibu la Euler liko mezani.

> Vigawo tasa: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kila kimoja kimetumika mara moja tu.

Kwa kuwa vigawo tasa ni saba na hakuna kilichojirudia, namba hii inagawanyika kwa namba 128 tofauti, maradufu ya 64. Hakuna sababu nzito nyuma ya hilo. Ni sadfa, lakini sadfa ya kupendeza.

Vitano kati ya vigawo hivyo vina sifa nyingine. Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Sifa hiyo hiyo zinayo 3, 5, 257 na 65,537. Tano hizo zikizidishwa pamoja zinatoa 4,294,967,295, jumla ya bao moja lililojaa. Katika namba witiri, hakuna umbo la pande nyingi zaidi ya hizo linalojulikana kuchorwa kwa njia hiyo.

Mfalme, kuhani na mifuniko ya sufuria

Namba hii ni kongwe kuliko kompyuta kwa miaka elfu hivi. Al-Biruni, mtaalamu wa Khwarazm, aliikokotoa yote tarakimu kwa tarakimu karibu na mwaka 1000 katika kitabu chake cha kalenda za mataifa. Chanzo kilikuwa ubao wa sataranji, wenye nyumba 64. Hakujumlisha nyumba moja moja. Alizidisha namba kwa yenyewe, 2 kuwa 4, 4 kuwa 16, 16 kuwa 256, 256 kuwa 65,536, na kwa hatua sita tu akafika, kisha akatoa moja.

Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, aliisimulia hekaya ya Sissa, mbuni wa sataranji aliyemwomba mfalme nafaka kwa maradufu, na mfalme akadhani ameombwa kitu kidogo. Hekaya ina masimulizi mengi yanayopishana, na yupi hasa aliibuni sataranji hakuna awezaye kuthibitisha. Hesabu yenyewe ndiyo isiyopishana.

Mwaka 1883 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, aliiuza namba ile ile kama kichezeo: Mnara wa Hanoi. Alikipamba kwa kisa cha makuhani wanaohamisha visahani 64 vya dhahabu kutoka mhimili mmoja hadi mwingine, kimoja kimoja, bila kuweka kikubwa juu ya kidogo.

Jikoni kinachezeka kwa mifuniko mitatu ya sufuria na mahali patatu pa kuiweka. Mifuniko miwili midogo inahitaji hatua tatu kusogea pembeni, mkubwa unahama kwa hatua moja, na midogo inaufuata kwa hatua tatu. Jumla ni saba. Mifuniko minne inataka 15. Visahani 64 vinataka hatua 18,446,744,073,709,551,615, na kwa sekunde moja kila hatua hiyo ni zaidi ya miaka bilioni 584. Ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi.

Mtu wa mwisho alizaliwa 1844

Namba ya NIDA imepangwa kwa mafungu manne yenye vistari: tarakimu nane, tano, tano na mbili. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, namba hiyo imekuwa ikiandikwa kila mahali: kwa wakala wa simu, benki, na kwenye orodha za vyama vya ushirika.

Kata namba yetu kwa mpangilio huo: 18446744-07370-95516-15. Ni mtu aliyezaliwa mwaka 1844, mwezi wa 67, tarehe 44.

Huyo hayupo, lakini anaonyesha mpaka ulipo. Kila namba ya NIDA inayoanza na mwaka 1845 au zaidi ni kubwa kuliko uwezo wa biti 64. Mtu wa mwisho ambaye namba yake ingeingia angekuwa amezaliwa tarehe 31 Desemba 1844, mwaka ambao Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mtanzania aliye hai haingii hata mmoja.

> Namba ya NIDA inakosa nafasi kwenye kompyuta kwa biti moja tu.

Biti 65 zingetosha. Lakini kompyuta haipangi nafasi kwa biti moja moja, kwa hiyo hiyo moja iliyopungua ni sawa na kukosa kabisa.

Excel ina ugomvi wake wa ziada, na ndio unaoumiza zaidi. Hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki huzigeuza sifuri bila kuuliza. Anayeandika 18446744073709551615 bila vistari huona 1.84467E+19 kwenye kisanduku, na ndani yake imebaki 18446744073709500000. Tarakimu tano za mwisho zimekwisha, na kupanua safu hakuzirudishi.

Kwenye namba ya kitambulisho, tano hizo ni mkia wa fungu la tatu na fungu lote la nne. Yanayosalia ni tarehe ya kuzaliwa, fungu la pili na tarakimu mbili za la tatu. Katika orodha ya wakulima wa miwa, wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa mahali pamoja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Pale ambapo wazee kadhaa wameandikiwa tarehe moja ya kukadiria, wanaweza kuwa wengi zaidi.

Namba au jina?

Hapa waandishi wa programu wanagawanyika. Upande mmoja unasema namba ya kitambulisho ni namba: huchukua nafasi ndogo, hupangika haraka, na herufi iliyopenya kimakosa hukataliwa papo hapo. Biti 64 ni baiti nane, ilhali tarakimu 20 zikiandikwa kama maneno ni baiti 20.

Wajanja wa upande huo wana dawa. Kila namba ya NIDA ipunguzwe 10,000,000,000,000,000,000 kabla ya kuhifadhiwa, kisha iongezwe tena wakati wa kusomwa. Kwa njia hiyo waliozaliwa hadi mwisho wa mwaka 2844 wanaingia. Dawa ni sahihi kihesabu, lakini fundi atakayeifungua kanzidata hiyo miaka kumi baadaye bila maelezo atakuta wazee waliozaliwa mwaka 960.

Upande wa pili unauliza swali fupi: nani aliwahi kujumlisha namba mbili za vitambulisho? Kitu kisichojumlishwa wala kuzidishwa ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na kitunzwe kama maandishi. Namba ya simu ni mfano ambao kila karani anaujua: 07 inaingia kwenye Excel, na sifuri ya mbele inatoweka. Upande huu ndio wenye hoja nzito, na baiti 12 za ziada kwa kila mtu si gharama ya kulilia katika kompyuta za leo.

Kwa karani mwenye orodha ndefu, njia ni nyepesi. Akiandika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, Excel huichukua kama maandishi na haigusi kitu. Au aiweke safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuchapa, si baada. Alama ya king'ong'o ' mbele ya namba hufanya kazi hiyo hiyo.

Namba ya malipo ya serikali haina shida hii. Ina tarakimu 12 tu, na inaingia kwenye Excel na kwenye biti 64 kwa raha.

Maradufu ya mwisho iko kwenye tarehe. Mbili 65 zikizidishwa pamoja ni 36,893,488,147,419,103,232. Namba za NIDA zitaendelea kudai biti 65 kwa wote watakaozaliwa hadi tarehe 31 Desemba 3689. Mtoto wa kwanza kudai biti ya 66 atazaliwa tarehe 1 Januari 3690, na 3690 ni 1845 mara mbili.